Kabla Hujaipa Roboti Fedha ya Kahawa

Mjukuu wangu, kaa hapa kwenye benchi. Kahawa ya kichanjani nimekwisha kuigeuza mara mbili tangu asubuhi, haitanidai tena mpaka alasiri. Maneno yako ya juzi usiku sijayaacha. Uliweka kompyuta juu ya meza ile ile niliyosahihishia madaftari miaka thelathini na nne, ukanionyesha visanduku vyako, nami nikakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Leo ni zamu yangu. Nimechoka, nitasema polepole, na pale nitakapokosea unisahihishe.

Nilichokiona ni ubao mweupe kwenye kioo, na pembeni yake safu ya visanduku vya rangi. Unakishika kimoja kwa kidole, unakiburuta hadi katikati, unakifunga kwa uzi na kingine. Cha kijani kilisema: mstari wa wastani wa bei za dakika 50 ukipanda juu ya ule wa dakika 200. Uzi ukaenda kwenye kisanduku cha bluu: nunua. Ukaenda tena kwenye chekundu: hasara ikifika hapa, funga. Ukabonyeza, vyote vikageuka programu ya kuingizwa kwenye jukwaa la MetaTrader, ikafanye yenyewe biashara ya foreksi, ya kununua na kuuza fedha za kigeni, usiku na mchana. Uliniambia zamani kazi hiyo ilimtaka mtu ajifunze lugha ya kompyuta miezi na miezi, na kwamba leo hata babu anaweza kuunda roboti yake kabla chai haijapoa. Kisha ukaijaribu juu ya bei za miaka mitatu iliyopita. Mstari wa faida ukapanda kama njia ya kwenda Litembo. Hapo ndipo ukataja zile shilingi milioni mbili za kahawa ya mama yako.

Nianze na haki ya chombo chako. Si utapeli. Sikufananishi na wale wa DECI waliosimamishwa na serikali mwaka 2009, ambako watu waliambiwa wapande mbegu, kumbe fedha ya waliochelewa kuingia ndiyo iliyowalipa waliotangulia. Visanduku kama vyako nimeviona vikiwafundisha watoto: Scratch, iliyotengenezwa katika chuo cha MIT cha Marekani na kutolewa mwaka 2007, inawafanya watoto wa shule ya msingi waunde michezo ya kompyuta bila kuandika mstari wa programu. Mwalimu hawezi kukichukia kitu kinachomfungulia mlango mtu aliyekuwa amefungiwa nje. Mimi nakuuliza tu umefunguliwa mlango gani. Umeondolewa kazi ya kuandika amri. Kazi ya kuijua amri uliyoiandika bado ni yako yote, na nina hofu kwamba wepesi wa ile ya kwanza umekusahaulisha hii ya pili.

Nikupe mfano wa shambani. Wewe umezaliwa huku Kigonsera, ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, umeziona zaidi kupitia dirisha la basi. Mimi nilizaliwa juu, Litembo, na nimezifanyia kazi. Mvua zikielekea ukingoni, mwezi Machi, wanaume tulifyeka nyasi. Zikinyauka tulizilaza kwa mistari, ya kushuka na ya kukatiza, mlima mzima ukawa kama daftari la hesabu. Wanawake wakaja na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi. Pakabaki shimo, na tuta pande zote nne. Juu ya tuta wakapanda maharage. Mahindi yakafuata mwanzo wa mvua nyingine.

Hizo nazo ni amri: fyeka, laza, chimba, fukia, panda. Visanduku vitano na nyuzi nne, ungezichora kwa dakika moja. Lakini kila amri ilikuwa na sababu, na bibi yako, ambaye darasani hakuketi hata siku moja, alizijua zote. Ungemuuliza kwa nini nyasi zinazikwa, angekuambia zinaoza zikawa mbolea na kulishika tuta lisimomonyoke. Kwa nini shimo? Kwa sababu mvua ya mlimani haitembei, inakimbia, na ikikimbia inaondoka na shamba. Shimo linaikamata ikae chini. Kwa nini tunalima kwenye mteremko mkali hivi? Kwa sababu katika karne ya 19 wazee wetu waliyakimbia mashambulizi ya Wangoni wakajibanza milimani, ardhi ikawa finyu, wakatafuta namna ya kuila bila kuimaliza.

Mwaka mmoja alihamia jirani aliyekuta ngolo zetu zimekwisha kuchimbwa. Akaziiga kwa macho. Mashimo yake yalinyooka kuliko yetu, watu walipita wakasifu. Lakini nyasi zilizo chini ya udongo hazionekani kwa mpita njia, naye hakuzilaza. Mvua za Januari zilipokolea, matuta yake yalikatika moja baada ya jingine, na udongo mwekundu ukashuka hadi mtoni. Niliuona kwa macho yangu, nikiwa na umri kama wako.

Kisanduku chako cha kijani, mjukuu wangu, kina nyasi gani chini yake? Nilikuuliza juzi: kwa nini mstari wa dakika 50 ukivuka ule wa dakika 200 iwe ishara ya kununua? Ukanijibu kwamba ndivyo ilivyowekwa na wengi, na kwamba jaribio limeonyesha faida. Hayo ni majibu mawili, na hakuna hata moja linalotaja sababu.

Nikueleze jambo lililonipata mimi, maana sitaki udhani nakuhubiria kutoka juu. Kati ya 1984 na 1989 nilikuwa na daftari la mapato ya kahawa, msimu kwa msimu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami sikuwa mzembe. Kila gunia liliandikwa. Mstari wangu ulikuwa unapanda kama wako. Kwa nguvu ya daftari hilo nikachukua saruji kwa mkopo, nikaanza nyumba ya vyumba vitano. Nisichokijua ni kwamba bei niliyoizoea ilikuwa imeshikiliwa na nguzo iliyo mbali sana na huku kwetu Mbinga: Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao uliwapangia wauzaji wa dunia viwango vya kuuza nje ili bei isianguke. Julai 1989 nchi zilishindwa kuelewana, viwango vikaondolewa, na katika miezi michache bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu. Mikahawa yangu ilizaa vizuri mwaka ule. Nilipalilia, nilipulizia dawa, nilimenya na kuanika kama kila mwaka. Malipo yakaja pungufu na yakachelewa. Nyumba ilikaa bila paa mpaka mama yako akaanza shule.

Daftari halikunidanganya hata neno moja. Kila tarakimu ilikuwa ya kweli. Lilieleza yaliyotokea wakati nguzo imesimama, basi, na halikuwa na mahali pa kuandika kwamba kuna nguzo.

Sasa sikiliza ya wenzako wa foreksi. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kuwa haitaruhusu yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Ikalinda mpaka huo zaidi ya miaka mitatu. Mfikirie kijana wa wakati ule mwenye visanduku kama vyako. Angeweka kimoja tu: bei ikikaribia 1.20, nunua. Angeijaribu roboti yake juu ya miaka yote mitatu, ingeshinda, ingeshinda tena. Nani angemkataza? Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15 Januari 2015, benki ile ikatangaza kuwa imeacha kuulinda mpaka. Katika dakika chache yuro ikawa chini ya faranga moja. Waliokuwa wameweka amri ya kukata hasara, kile kisanduku chekundu unachokitegemea, waliona amri zao zikitekelezwa mbali kabisa chini ya bei waliyoiandika, kwa sababu njiani hapakuwa na mnunuzi. Watu waliamka wakiwa na deni kwa madalali wao. Dalali mmoja mkubwa wa Uingereza, Alpari, alitangaza kuwa hawezi kulipa madeni yake. FXCM ya Marekani ikaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300.

Roboti hazikukosea siku ile. Zilifanya zilichoamriwa. Sababu ya amri ilikuwa imekufa asubuhi hiyo, na hakuna kisanduku kinachojua kusoma tangazo la msiba.

Na usidhani haya huwapata wasio na wahandisi tu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, yenye wataalamu waliosomea kazi hiyo, iliwasha programu mpya ikiwa na kipande cha zamani kilichosahaulika ndani ya mashine yake moja. Kwa dakika 45 mashine ikanunua na kuuza yenyewe. Hasara ilifika dola milioni 440.

Nirudi kwenye jaribio lako, maana hapo naongea kama mwalimu. Juzi nilikuuliza ulibadilisha zile namba mara ngapi kabla mstari haujapanda vizuri. Ukasema mara sitini hivi: ulijaribu 20, ukajaribu 30, ukahamisha hasara hapa, ukapunguza pale, mpaka ikakaa. Ukasema kwa fahari, na moyo wangu ukaniuma. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekariri mitihani ya miaka kumi, maswali na majibu. Ukimpa wowote kati ya hiyo anapata tisini. Mtihani wa taifa ulipokuja na maswali mapya, alikaa anatazama karatasi. Umeichagua roboti iliyokariri vizuri miaka mitatu kuliko zile hamsini na tisa ulizozitupa. Ukijaribu mara sitini, moja itapendeza tu, hata kama zote hazijui kitu.

Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto ameelewa anamtungia swali ambalo hajawahi kuliona. Fanya hivyo. Chukua bei za miaka ambayo roboti yako haijaigusa kabisa, uiendeshe mara moja tu, wala usirekebishe baada ya kuona matokeo. Kisha iache kwenye akaunti ya majaribio, bila fedha, tangu sasa mpaka mavuno yajayo. Ukiona mwaka ni mrefu, kumbuka mkahawa unakaa miaka mitatu ardhini kabla haujakupa debe la kwanza.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kile kisanduku cha zambarau. Uliniambia ndicho siri ya roboti yako: ikipoteza, izidishe dau mara mbili, ili ushindi mmoja urudishe yote. Lete hilo kopo la maharage, nikuonyeshe hapa juu ya mkeka.

Harage moja ndilo dau la kwanza. Umepoteza, weka mawili. Umepoteza, weka manne. Manane. Kumi na sita. Thelathini na mawili. Tazama kopo, bado limejaa, ndiyo maana watu wanatulia. Sitini na manne. Mia moja ishirini na nane. Mia mbili hamsini na sita. Hiyo ni mara ya tisa, na hapa mkekani pana maharage 511. Kila harage liwe shilingi 2,000: umeshatoa 1,022,000 kati ya zile milioni mbili. Mara ya kumi inataka 1,024,000, nawe umebakiwa na 978,000. Huwezi kuendelea. Na hata kama ungeweza, ukashinda, faida yako baada ya hofu yote hiyo ni harage moja, shilingi 2,000.

Utasema kupoteza mara tisa mfululizo ni nadra. Kwa sarafu ya kurusha ni mara moja kwa kila 512. Roboti yako inaingia sokoni mara ishirini kwa siku, hailali, haiendi kanisani. Katika miezi michache itakutana na mfululizo huo bila bahati mbaya yoyote ya pekee. Kabla ya siku hiyo itakuwa imekuonyesha wiki nyingi za ushindi mdogo mdogo, utakuwa umewaita na rafiki zako.

Ongeza na mkopo wa dalali, mnachokiita leveraji. Anakuruhusu kwa dola 100 ushike mzigo wa dola 50,000, unaona amekupendelea. Bei ikisogea kinyume chako kwa asilimia 0.2 tu, dola zako 100 zimekwisha. Asilimia 0.2 ni mtikisiko wa saa chache katika siku ya kawaida.

Mengine nitayapitia haraka, unayaweza mwenyewe. Umeme ukikatika roboti ikiwa katikati ya kazi, nani anafunga? Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 tukashukuru, lakini unajua jinsi umeme unavyokatika mvua za ngurumo zikianza; utalazimika kukodi kompyuta ya mbali kila mwezi, na hiyo gharama hukuiandika. Muulize dalali wako leseni yake imetolewa wapi. Kenya waliweka kanuni za biashara hii mwaka 2017, kwa hiyo huko unaweza kumtafuta mtu kwenye orodha ya mamlaka yao ya masoko ya mitaji. Wako, ulinisomea, ameandikishwa Saint Vincent na Grenadines, nchi ya visiwa ambayo mamlaka yake ya fedha yenyewe imesema haitoi leseni za foreksi. Na yule anayeuza roboti zilizokwisha kuundwa kwenye kundi lenu la Telegram, mtafakari kidogo: mwenye ng'ombe wa lita ishirini kwa siku hahangaiki kumnadi kila jioni.

Ulaya, mwaka 2018, mamlaka yao ya masoko, ESMA, ilitangaza kuwa kati ya akaunti mia za watu wa kawaida katika biashara za mkopo wa namna hii, 74 hadi 89 hupoteza fedha. Brazil nako, Brazil hiyo hiyo inayotupangia bei ya kahawa, watafiti waliwafuata watu walioanza kununua na kuuza kila siku kati ya 2013 na 2015 katika soko la mikataba ya hisa. Waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Uvumilivu, ambao kila mwalimu wako alikusifia, pale haukuwasaidia.

Sikuchukii wala sikichukii kichwa chako. Kijana anayeweza kuunganisha visanduku vile kwa usiku mmoja hana akili ndogo, na ndiyo sababu nimekaa nawe hapa badala ya kumwambia mama yako afiche kadi ya benki. Nataka utazame mahali ambapo sababu unazijua. Februari 2025 kahawa ya arabika ilipita dola nne kwa ratili huko New York, haikuwahi kufika hapo. Wewe ulijua kwa nini: ukame ulioipiga Brazil mwaka 2024. Ulinieleza mwenyewe, tukiwa shambani, na nilikusikiliza kwa heshima kwa sababu ulikuwa unaongea jambo unalolijua. Baridi iliyounguza kahawa ya Brazil Julai 1975 nami niliijua hivyo hivyo, kwa kuuliza, nikaelewa kwa nini bei ya 1977 ilikuwa kubwa na kwa nini isingedumu. Nilipoacha kuuliza ndipo nilipoingia kwenye ile nyumba isiyo na paa.

Basi nakuomba kitu kimoja. Chukua karatasi, uigawe mara tatu. Upande wa kwanza andika kila kisanduku cha roboti yako, kimoja kimoja. Wa pili andika sababu yake, kwa Kiswahili ambacho mama yako ataelewa. Wa tatu andika ni jambo gani likitokea sababu hiyo itakuwa imekufa, na wewe utalijuaje kabla roboti haijamaliza fedha. Pale utakaposhindwa kuandika, paache wazi, usijaze maneno kunipendeza. Uilete Jumapili baada ya misa, nitakuwa hapa hapa kwenye benchi.

Fedha ya kahawa iko benki kwa jina la mama yako. Ada ya mdogo wako inalipwa Januari. Iache pale mpaka karatasi hiyo ijae.